Mafunjo: Shamba Lisilotaka Jembe

Kama kwenu ni kandokando ya Ziwa Viktoria, au kwenye mto Malagarasi, au katika mabonde ya Uganda, Rwanda na Burundi, huna haja ya kuonyeshwa mafunjo. Umeyaona tangu utoto wako: mabua marefu ya kijani yaliyosimama majini, na kila bua lina kichwa chake cha nyuzi nyingi, kama kichwa cha mzee asiyejali kuchana nywele. Lakini kujua sura ya mtu si kujua kazi yake. Wengi waliozaliwa karibu na mafunjo, ukiwauliza yana faida gani, watakujibu: "Hayo ni majani tu ya bwawani. Ni maficho ya nyoka na mbu."

Na kila mwaka, kiangazi kinapokaza, chakula kinapopungua, na udongo wa mlimani umekwisha choka, baba mwenye nyumba hulitazama lile bwawa lenye unyevu, kisha hulitazama jembe lake, akasema moyoni: "Hapa ndipo pa kulima."

Shauri hilo si la kipumbavu. Mwenye watoto wenye njaa hana kosa akitafuta udongo wenye maji. Lakini shauri kubwa namna hii lataka mtu ajue kwanza kitu anachotaka kukiondoa. Basi leo tuongee habari za mafunjo: ni mmea gani, umewafanyia nini wanadamu, unafanya kazi gani usiku na mchana pasipo mshahara, na yatupasa kuutumia namna gani ili watoto wetu nao waukute.

UKOO WA NDAGO

Mafunjo si nyasi, ingawa yafanana nazo. Ni ya ukoo mmoja na ndago, lile gugu linalomsumbua kila mwenye shamba. Ukoo huu ni mkubwa sana. Wataalamu wa mimea wamekwisha hesabu aina zaidi ya 5,000 duniani, kutoka nchi za baridi kali hata nchi zetu za joto, na nyingi katika hizo hupenda kukaa mahali penye maji au unyevu.

Waweza kuutambua ukoo huu kwa vidole vyako. Shika bua la funjo au la ndago, ulizungushe polepole kati ya vidole viwili. Utasikia pembe tatu. Sasa shika bua la mtama, au la ulezi, au la nyasi za kuezekea: hilo ni la mviringo, tena lina vifundo. Bua la funjo halina kifundo hata kimoja, ni laini toka chini hata juu. Mfundishe mtoto wako jambo hili mkiwa njiani, naye hatalisahau.

Ndago tunaichukia kwa haki. Chini ya udongo ina vidonge vilivyoungana kwa nyuzi kama punje za rozari. Ukiling'oa jani, vidonge hubaki chini, na kila kimoja chaweza kuchipua peke yake. Kwa sababu hiyo wataalamu wa kilimo huihesabu miongoni mwa magugu mabaya kupita yote duniani. Lakini tusimhukumu ndugu kwa makosa ya ndugu yake. Hata katika nyumba za watu, wawili wa tumbo moja, mmoja hujenga na mwingine hubomoa.

Funjo ndilo jitu la ukoo huo. Hufika urefu wa metre 4 hata 5. Majani yake yamekuwa kama magamba tu chini ya bua. Kazi ya kutengeneza chakula cha mmea kwa nguvu ya jua hufanywa na bua lenyewe na zile nyuzi za kichwani. Na shina lake hasa huwezi kuliona, maana limelala katika matope kama tangawizi, nene kama mkono wa mtu, nalo huchipua mabua mapya mwaka mzima. Liweke sana moyoni neno hili: bua ni la kukatwa, lakini uhai wa funjo umo katika lile shina la chini. Tutalirudia tena.

Mashina hayo na mizizi yake husukana hata yakawa zulia nene lielealo juu ya maji. Mtu aweza kupita juu yake, akisikia linanesa chini ya miguu yake. Upepo mkali ukivuma, kipande chaweza kukatika kikaenda ziwani kama kisiwa kinachotembea, na ndege wake juu yake.

Waganda huyaita mafunjo ebitoogo, Wajaluo huyaita togo, na kwa Kinyarwanda bwawa la mafunjo ni urufunzo. Sikiliza neno hilo la mwisho, utaona ni ndugu wa neno letu la Kiswahili. Mahali ambapo watu wameupa mmea jina lake mwenyewe, ujue wameishi nao siku nyingi.

MMEA ULIOBEBA MANENO

Neno "Biblia" tumelipata kutoka lugha ya Kiyunani. Wayunani waliyaita mafunjo byblos, na kwa kuwa karatasi zao zilitengenezwa kwa mafunjo, kitabu nacho kikapata jina lake kutoka hapo. Basi kila mara unapotamka neno Biblia, unautaja mmea wa bwawani pasipo kujua.

Waliovumbua kazi hiyo ya karatasi ni watu wa Misri ya kale. Walikata bua, wakamenya ngozi yake ya kijani, wakabaki na kiini cheupe kilicho chepesi. Kiini hicho walikichana vipande virefu vyembamba, wakavipanga bega kwa bega. Juu yake wakapanga vingine, vikikatiza vile vya kwanza, kama vile msukaji anavyokatiza ukindu wa mkeka. Wakagandamiza yote pamoja. Utomvu wa mmea ukavishika vipande vile, na vilipokauka vikawa karatasi moja. Mwisho wakaisugua kwa kitu kigumu hata ikawa laini, ikapokea wino.

Mwaka 2013, katika pwani ya Bahari ya Shamu huko Misri, mahali paitwapo Wadi al-Jarf, wachimbaji wa mambo ya kale walioongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walivumbua karatasi za mafunjo zenye umri wa miaka 4,500 hivi. Ndizo karatasi zenye maandishi za kale kupita zote zilizopata kuonekana. Na zimeandikwa nini? Hazikuandikwa habari za vita wala sifa za mfalme. Ni daftari ya kazi! Msimamizi mmoja aitwaye Merer aliandika siku kwa siku jinsi yeye na watu wake walivyosafirisha mawe kwa mashua mtoni Nile, kutoka machimbo ya Tura hata Giza, kwa ajili ya piramidi kubwa ya mfalme Khufu. Mfalme amekufa, Merer amekufa, lakini jani la bwawani limeitunza habari ya jasho la wafanya kazi.

Maandiko Matakatifu nayo yana deni kwa mmea huu. Mama yake Musa, alipotaka kumwokoa mtoto wake asiuawe na Farao, alimfanyia kisafina cha mafunjo, akakipaka lami, akakiweka kando ya mto. Kumbe alijua sana alichokuwa akifanya: kiini cha funjo kimejaa hewa, hakizami upesi. Na Injili zenyewe, katika karne za kwanza za Kanisa, zilinakiliwa juu ya karatasi za mafunjo. Nakala moja ya namna hiyo, yenye sehemu kubwa za Injili za Luka na Yohane, imo katika Maktaba ya Vatikano tangu mwaka 2006. Hata ofisi ya Baba Mtakatifu iliendelea kuandika barua zake kubwa juu ya mafunjo mpaka karne ya 11, wakati ambapo Ulaya yote ilikuwa imekwisha zoea kuandika juu ya ngozi.

Sasa sikia jambo la kustaajabisha. Misri, nchi iliyoufundisha ulimwengu kutumia mafunjo, iliyapoteza mafunjo yake. Mabwawa yalilimwa, maji yalibadilishwa njia, karatasi za namna nyingine zikaja, na mmea uliochorwa juu ya kuta za mahekalu ukawa karibu kutoweka kabisa katika nchi yenyewe. Katika miaka ya 1960 Mmisri mmoja, Hassan Ragab, alilazimika kuagiza miche kutoka Sudan ili aipande tena kando ya Nile na kujifunza upya kutengeneza karatasi. Fikiri, ndugu: watu wenye mafunjo kwa maelfu ya miaka, mwishowe wanakwenda kuomba mbegu kwa jirani! Sisi tunayo bado. Je, wajukuu wetu nao wataomba wapi?

KAZI ZAKE NYUMBANI

Akina mama wa kandokando ya maziwa hawana haja ya kuambiwa faida hii. Mabua yaliyokauka hushonwa yakawa mikeka ya kulalia, ya kuanikia nafaka na dagaa, na ya kufanyia dari. Ngozi ya bua husokotwa ikawa kamba. Watu hufumia vikapu, hufanyia uzio, hufunika paa la kibanda. Mafunjo makavu huwaka vizuri motoni, na mahali pengine watu wameyagandamiza yakawa kuni za kupikia, miti ipate kupumzika. Ng'ombe nao, wakati wa kiangazi, hula machipukizi mapya.

Katika Ziwa Tana, nchi ya Ethiopia, wavuvi husafiri mpaka leo katika mitumbwi ya mafunjo yaliyofungwa pamoja. Mnorwe mmoja, Thor Heyerdahl, alitaka kuonyesha kwamba chombo cha namna hiyo chaweza hata kuvuka bahari kuu. Mwaka 1969 alichukua mafunjo ya Ziwa Tana, akaundiwa chombo na mafundi wa Ziwa Chad, akatweka kutoka Moroko. Chombo kile kililowa na kulegea kabla hakijafika. Hakukata tamaa. Mwaka 1970 aliunda cha pili, nacho kilivuka Atlantiki hata kisiwa cha Barbados kwa siku 57. Majani yale yale ambayo sisi twayaita takataka!

CHUJIO LISILOLIPWA

Lakini kazi kubwa ya mafunjo haionekani kwa macho, na ndiyo inayosahaulika.

Mvua inyeshapo mlimani, maji huteremka yakiwa mekundu kwa udongo, tena yamechukua samadi ya mazizi, uchafu wa vyoo, na mbolea za mashamba. Yakifika katika mafunjo, mabua maelfu kwa maelfu huyazuia yasikimbie. Maji yakienda polepole, udongo hushuka chini ukatulia. Mizizi hunyonya zile mbolea zikawa chakula chake, na vijidudu wakaao katika mizizi huila sehemu nyingine ya uchafu. Maji yaliyoingia machafu hutoka upande wa pili yakiwa safi zaidi. Kama vile mama anavyochuja tui katika kifumbu, ndivyo bwawa linavyochuja maji kabla hayajaingia ziwani. Sisemi ya kwamba maji hayo sasa ni ya kunywa pasipo kuchemshwa, la hasha. Nasema mzigo mkubwa umekwisha kupunguzwa.

Jijini Kampala kuna bwawa liitwalo Nakivubo. Maji machafu ya sehemu kubwa ya jiji hupita humo kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, na ziwani humo humo ndimo jiji linamoteka maji yake. Mwaka 1999 wataalamu wa uchumi walifanya hesabu: kama bwawa lisingekuwapo, ingebidi kutumia fedha kiasi gani kufanya kazi yake? Wakaona ya kuwa thamani ya bwawa lile moja ilikuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kila mwaka. Na hesabu hiyo ilihusu bwawa ambalo tayari lilikuwa limekwisha liwa pembeni na nyumba, viwanda na mashamba ya magimbi.

Tena bwawa ni ghala la maji. Wakati wa masika hunywa mafuriko. Wakati wa kiangazi huyatoa kidogo kidogo, na mto ulio chini yake haukauki. Wazee husema chemchemi fulani "ina mwenyewe" na haikauki kamwe. Mara nyingi mwenyewe huyo ni bwawa lililo juu yake.

Na samaki je? Ndani ya mafunjo hewa ya majini ni haba, ndiyo maana wakazi wake ni kambare na kamongo, ambao hujua kupanda juu kuvuta hewa. Sangara, ambaye aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960 akawamaliza samaki wadogo wengi, hawezi kuvumilia maji hayo. Hivyo furu na samaki wengine wadogo hujificha kwenye kingo za mafunjo kama kuku chini ya ghala mwewe apitapo. Mvuvi afyekaye mafunjo ufukoni, huvunja nyumba ya watoto wa samaki atakaowatafuta mwakani.

Humo pia hukaa nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zisizozama matopeni, na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Katika Tanzania, mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi yaliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya dunia ya mabwawa yanayostahili kutunzwa, yakiwa ya kwanza katika nchi hiyo.

NA MBU?

Hapa najua msomaji mwingine anatikisa kichwa: "Haya yote ni mazuri, lakini bwawa huleta malaria."

Swali hili limechunguzwa. Huko Kabale, katika milima ya kusini magharibi ya Uganda, mabonde mengi ya mafunjo yalikatwa yakawa mashamba, na mengine yakabaki. Wataalamu walivilinganisha vijiji vilivyo karibu na mabonde yaliyolimwa na vile vilivyo karibu na mabonde ya mafunjo. Habari zao zilitolewa mwaka 2000. Waliona kwamba penye mashamba palikuwa na joto zaidi, na kadiri joto la usiku lilivyozidi, ndivyo na mbu waenezao malaria walivyozidi katika nyumba.

Sababu yake si ngumu. Mbu huyo hapendi maji yaliyofunikwa na kivuli kizito. Apenda vidimbwi vidogo vyenye jua: penye nyayo za ng'ombe, penye mifereji ya shamba, penye mashimo ya kufyatulia matofali. Ukiyaondoa mafunjo, humwondoi mbu, wamfungulia mlango. Bwawa halimwachilii mtu asitumie chandarua, lakini kulilima si dawa ya malaria.

YALIYOWAPATA RUGEZI

Kaskazini ya Rwanda kuna bwawa kubwa liitwalo Rugezi, lenye mafunjo na majani mengine ya majini. Maji yake hushuka katika ziwa Bulera, na kutoka Bulera hushuka kwa nguvu hata ziwa Ruhondo, na katikati yake pana mtambo wa umeme wa Ntaruka.

Nchi ile ina watu wengi na ardhi haba. Watu walianza kulima bwawani, mifereji ikachimbwa, maji yakatoka upesi kuliko ilivyokuwa desturi. Milimani nako udongo ulimomonyoka. Kisha mvua zikapungua. Bwawa ambalo zamani lingetoa maji polepole wakati wa shida halikuwa na akiba tena. Ziwa Bulera likashuka, na mtambo wa Ntaruka ukakosa maji. Mwaka 2004 nchi ilipata shida kubwa ya umeme, hata Serikali ikalazimika kukodi mashine za mafuta kwa gharama kubwa. Ni kweli kwamba ukame na mtambo usiotunzwa vizuri vilikuwa na sehemu yao, lakini bwawa lililokaushwa liliongeza ubaya wa mambo.

Ndipo Serikali ikakataza kilimo ndani ya bwawa. Kandokando yake wakapanda mianzi na majani ya kushika udongo, na milimani wakatengeneza matuta. Mwaka 2005 Rugezi ikaingia katika orodha ile ile ya dunia tuliyoitaja. Miaka michache baadaye maji yalirudi, na mtambo ukapata nguvu tena.

Lakini tusifiche upande wa pili. Wale waliokuwa wakilima na kukata majani ndani ya Rugezi waliumia sana siku zile. Mtu aliyeambiwa leo atoke katika shamba linalomlisha, hashibi kwa kuambiwa kwamba umeme umerudi mjini. Ndiyo sababu ni afadhali kijiji kifanye shauri mapema, wakati bwawa lingali zima, kuliko kungoja amri ije baada ya hasara. Amri ya namna hiyo humwangukia maskini kwanza.

UDONGO WA BWAWA HUDANGANYA

Utaniambia: "Lakini mwaka wa kwanza bwawani watu huvuna sana!" Kweli, huvuna. Udongo ule mweusi ni mboji ya miaka mamia, majani yaliyokufa yakalundikana majini pasipo kuoza yakaisha. Ukiyatoa maji, hewa huingia, na akiba ile huanza kuliwa upesi. Udongo hunywea na kushuka. Ukikauka sana waweza kushika moto, ukawaka chini kwa chini siku nyingi. Na mahali pengine udongo wa mafunjo ukikaushwa hugeuka kuwa mchachu hata mazao yakakataa. Basi mkulima wa bwawa ni kama mtu aliyekuta akiba ya babu yake ndani ya sanduku: mwaka wa kwanza ni tajiri, lakini hakufanya biashara, amekula sanduku tu.

BASI TUFANYEJE?

Hatusemi mafunjo yasiguswe. Mmea huu umewekwa kwa ajili ya matumizi, na wenye kuutumia vizuri ndio wanaoulinda. Haya ni mambo machache ambayo kila jamaa na kila kijiji chaweza kuyafanya.

Kwanza, kata, using'oe. Kumbuka lile shina lililolala kama tangawizi. Bua likikatwa, jingine huchipua. Shina likichimbwa au likichomwa moto wakati wa ukavu, umemaliza. Kata mabua yaliyokomaa, acha machanga.

Pili, kata kwa zamu. Waliopima mafunjo ya Ziwa Naivasha huko Kenya waliona kwamba yaliyokatwa huweza kurudi katika hali yake kwa muda wa mwaka mmoja, bali yakikatwa mara kwa mara pasipo kupumzishwa hupungua nguvu. Basi ligaweni bwawa sehemu sehemu: mwaka huu upande huu, mwaka ujao upande ule. Akina mama washonao mikeka wawepo katika shauri hilo, maana wao ndio waijuao kazi.

Tatu, heshimuni ukingo. Katika Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira, katika metre 60 toka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Metre 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima. Zipime wewe mwenyewe kabla hujapimiwa na bwana wa Serikali.

Nne, kama ni lazima kulima, lima pembeni, usikate moyo wa bwawa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walijaribu njia moja Kenya, Uganda na Tanzania: walichimba mabwawa madogo marefu kwenye ukingo, kama vidole vilivyoelekea majini. Mafuriko yakija huyajaza maji na samaki. Yakirudi, samaki hubaki wakilishwa samadi na mabaki ya jikoni, na juu ya tuta lililo kati ya kidole na kidole hupandwa mboga. Samaki na mchicha mahali pamoja, na mafunjo yangali yamesimama mbele.

Tano, tengenezeni mlima. Mara nyingi mtu hukimbilia bondeni kwa kuwa mlimani udongo wake umekwenda na maji. Tuta moja lililopandwa majani ya ng'ombe mlimani hulinda bwawa kuliko hotuba kumi.

Msomaji mpendwa, wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maadamu tunakunywa maji, tunakula samaki, na tunalala juu ya mkeka, tusiyatukane mafunjo. Hayaombi mbolea, hayaombi palizi, hayaombi jembe. Yanaomba jambo moja tu: tuyaachie mguu wake majini. Jioni hii, kabla hamjalala, liulizeni jambo hili nyumbani: bwawa letu ni la nani, na nani analiangalia? Na kama hakuna ajuaye jibu, basi lipelekeni katika mkutano wa kijiji kabla mvua hazijaanza.